Tofali la Miguuni

4 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo mchana. Daktari alikuja, akanigonga nyayo kwa kijiti chake, akauliza kama nasikia kitu. Nikamjibu kwamba nasikia sauti ya kijiti. Alicheka peke yake. Kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba moyo wangu utanivusha mvua hizi, lakini nisipange mambo ya baada yake. Nilimshukuru. Nilikaa nikisubiri woga. Haukuja. Kilichokuja ni chai.

Naandika kwa sababu mkono bado unanitii, na kwa sababu siku hizi nikisema neno zito watu hunikatiza kwa huruma. Karatasi haina huruma. Atakayesafisha meza hii baada yangu, asome au achome, shauri lake.

6 Machi

Nieleze kazi iliyobaki, nisije nikaonekana kikongwe anayeota.

Mgodi wa makaa ya mawe uliolisha mji huu umefungwa. Wenye mgodi walipoondoka waliacha fidia, fedha nyingi mno, kiasi kwamba Katibu wa mfuko alipojaribu kuziandika ubaoni aliishiwa na ubao kabla ya kuishiwa na sifuri. Hati ya mfuko inasema zote ziwekezwe katika nishati na teknolojia ya viwanda. Si posho, si magari, si ukumbi wenye jina la mtu. Uamuzi utiwe saini kabla Mei haijaisha. Ukichelewa, fedha zinarudi serikalini, na huko hatuhitaji kuuliza zitakakoyeyukia.

Wadhamini ni watatu. Mimi ndiye mwenyekiti, kwa kuwa nilikuwa mhandisi wa mvuke katika kiwanda cha nguo, kisha nikafundisha chuoni somo la joto mpaka nywele zikanitoka. Wa pili ni Bi Sabuni, mwenye karakana ya sabuni, anayewasemea wenye karakana zote: watia rangi, wakausha mbao, wayeyusha glasi. Wa tatu ni mtaalamu wa fedha ambaye hawezi kumaliza sentensi mbili bila kutaja asilimia. Mji mzima unamwita Asilimia, naye anaitika.

Karakana zote zinaishi kwa moto, na moto wao ulikuwa makaa. Makaa yaliyobaki ghalani hayatamaliza mwaka. Baada ya hapo, ama fedha hizi ziwape moto mwingine, ama mji huu ufunge virago.

Juu ya moto wenyewe hatubishani. Tutajenga uwanja wa paneli za jua. Mchana umeme utapitishwa kwenye matofali maalumu mpaka yawe mekundu kama jicho la mlevi, na usiku hewa itapulizwa katikati yake, itoke na joto la kuchemshia boila. Ni teknolojia nzuri, haina maringo. Ubishi ni juu ya ukubwa. Asilimia anataka ghala moja kubwa la matofali, lenye mabomba ya kwenda kila karakana. Bi Sabuni anataka masanduku madogo, kila karakana na lake, kila mtu na ufunguo wake.

9 Machi

Mvua. Cherehani ilinyamaza kabla ya adhuhuri. Mkwe wangu amelala mchana.

10 Machi

Mvua. Amelala tena.

13 Machi

Huyu mkwe ni mjane wa mwanangu wa pekee wa kiume. Hakuondoka baada ya mazishi na mimi sikumwambia abaki. Tumeendelea tu, kama saa ya ukutani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele. Hana maneno mengi, na aliyonayo yana ncha.

Jambo moja analifanya vizuri. Kila jioni analipasha moto tofali jikoni, analifunga taulo, analijaribu kwa shavu lake kwanza kwa kuwa mimi nitaungua bila kupata habari, kisha analiweka chini ya blanketi miguuni mwangu. Asubuhi, kabla sijafumbua macho vizuri, napeleka mkono. Bado la moto. Kila siku. Nyayo zangu hazijui lolote, lakini mkono unajua, na mhandisi aliyemo ndani yangu hufurahi kidogo. Labda ndicho kitu pekee kinachofurahi humu.

17 Machi

Binti yangu alipiga simu kutoka mbali anakoishi. Akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia: "Wifi yako analala mchana kutwa kama paka wa dukani. Mvua ikianza tu, cherehani kimya."

"Na wewe unaangaliwa na nani akilala?"

"Na ukuta."

Alikasirika kwa niaba yangu. Mimi sikuwa na hasira yoyote, nilikuwa natoa taarifa tu.

21 Machi

Kikao. Kwa kuwa sitoki tena, wadhamini waliletewa viti chumbani asubuhi na mapema, wakaketi kuzunguka kitanda kama watu wanaosubiri mirathi. Niliwaambia hivyo. Bi Sabuni alicheka mpaka akashika ubavu. Asilimia alitazama viatu vyake. Viatu vyenyewe vinang'aa kuliko dirisha langu. Sijawahi kumwamini mtu anayepita kwenye tope la mji huu akafika na viatu vya namna hiyo. Ninavyomwona, ana chake kwenye ghala kubwa.

Bi Sabuni alikuja na kipande cha sabuni, kama kawaida yake, akakiweka juu ya meza yangu ya dawa.

Asilimia alianza. "Mwenyekiti, ghala kubwa linapoteza joto asilimia chache tu kwa siku. Masanduku madogo, kwa hesabu tulizoletewa, yanapoteza—"

"Ndugu yangu Asilimia," alisema Bi Sabuni, "siku utakayogombana nami ukafunga bomba, nitachemsha sabuni kwa asilimia?"

"Hilo la valvu ya kufungia bomba ndilo nilitaka kulifikia, dada. Nimependekeza kwamba—"

"Ngoja," nikamkatiza. "Wewe ulisomea nini?"

"Fedha, Mama."

"Mimi nilisomea joto. Bi Sabuni, ingiza mkono hapo chini ya blanketi. Usiogope, si mguu."

Akaingiza. "Lo! Bado linachoma."

"Limewekwa jana jioni. Tofali moja, taulo moja. Sasa sanduku zima la matofali, lililofungwa kitaalamu, litashindwa kufika alfajiri?"

Asilimia alikunja karatasi zake za hesabu. Katibu, kijana mwenye mwandiko wa mviringo, aliuliza kama habari ya tofali iingie kwenye kumbukumbu. Nikamwambia iingie.

Kura mbili kwa moja. Masanduku. Mikataba iandaliwe, saini mwishoni mwa Mei. Bi Sabuni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyokauka kwa magadi, akasema, "Mama, umetupa funguo zetu." Nilitegemea kusikia kitu. Nilisikia uzito wa blanketi likirudishwa.

26 Machi

Mvua. Amelala mchana.

2 Aprili

Mvua, upepo, bati la jirani limechukuliwa. Mkwe wangu alipitiwa na usingizi akiwa ameketi kwenye cherehani, uzi mdomoni. Nilimwona kwa mlango. Nikafikiri: uvivu una njia nyingi za kukaa.

11 Aprili

Bi Sabuni alipita na mwavuli wa mtu mwingine. Ameshaanza kuvunja tanuri lake la makaa na dohani ili sanduku lake lipate pahali pa kukaa. Nikamwambia asubiri saini. Akasema, "Ya nini kusubiri, Mama? Wewe umeshakata kauli." Alikuwa na vumbi la masizi kwenye nyusi na alionekana msichana.

19 Aprili

Siku ya nne bila jua. Taa zinawashwa mchana.

23 Aprili

Hakuna jipya.

3 Mei

Leo nitaandika mengi, na mkono utalipia baadaye.

Juzi mama mzazi wa mkwe wangu aliteleza kwenye ngazi, akavunjika kifundo. Mkwe alilazimika kwenda. Kabla ya kuondoka alimleta muuguzi wa kukodi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, wakanong'ona jikoni kwa muda mrefu. Nililala vizuri.

Asubuhi nilipeleka mkono. Tofali lilikuwa baridi. Si vuguvugu, baridi, kama kitu kilichookotwa nje.

Nikamwita muuguzi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. "Hukulipasha moto ipasavyo. Mkwe wangu hulipasha mpaka linadumu."

Yule mama akaweka mkono kifuani. "Nisamehe, Bibi. Nililipasha kama alivyonionyesha. Kosa langu ni usingizi. Aliniambia niamke kila likipoa, nichukue lingine jikoni, nibadilishe bila kukuamsha. La kwanza nilibadilisha. Baada ya hapo nikapitiwa."

"Lingine lipi?"

"Yapo matatu, Bibi. Yanapokezana."

Nilimwambia si kitu. Akaniletea uji, nikaunywa wote.

Chuoni, miaka yote ile, somo la kwanza nililifundisha kwa viazi. Nilichemsha sufuria ya viazi, kikubwa na vidogo, nikaviweka mezani mbele ya wanafunzi, nikawaambia wavishike kimoja kimoja wakati nikiongea. Kidogo kinapoa kwanza. Joto hutoka kupitia ngozi, na kitu kidogo ni ngozi tupu. Kikubwa kina tumbo la kuficha joto lake. Baada ya somo tulivila kwa chumvi. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kusahau. Nimesahau mimi, kwa sababu kila asubuhi palikuwa na tofali la moto miguuni mwangu na sikuuliza limefikaje hapo.

Ghala kubwa linaweza kukaa siku nne bila jua na bado likatoa mvuke. Sanduku dogo halitafika alfajiri ya kwanza, na alfajiri ndipo Bi Sabuni huanza kuchemsha. Asilimia alikuwa na hesabu hizo mkononi. Nilimuuliza alisomea nini.

Nimejichunguza kama naona aibu. Naona tu kwamba dirisha linavuja pembeni.

6 Mei

Mkwe amerudi. Nilimwacha atundike mwavuli.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini, mama?"

"Matofali matatu."

Alimtazama muuguzi aliyekuwa akifunga mkoba wake, naye muuguzi akatazama mkoba. Muuguzi alipoondoka, mkwe wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. Sikumbuki kama amewahi kuketi hapo.

"Tangu miguu yako ilipokufa ganzi. Moja kwako, mawili jikoni yanasubiri lindo kama askari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa mhadhara. Ungeniambia tofali likae hivi, lifungwe vile, nianzie pembe ipi. Mimi nilitaka ulale, basi, na mimi niibe usingizi wangu mchana."

"Mchana," nikasema.

"Ndiyo, mchana. Najua. Wifi alinipigia. Aliniuliza kama kaka yake aliniacha mjane au aliniacha nimeolewa na kitanda."

"Maneno hayo yalitoka kwangu."

"Nani mwingine angeyatoa, mama? Ukuta?"

Aliinua mkono kurekebisha blanketi, na nikaona kwenye kigasha chake alama za moto, mpya juu ya za zamani, safu kwa safu. Siku zote nilidhani ni za pasi. Nikataka kusema neno. Nilitafuta lile linalofaa na nikapata tu yale ninayotumia kwa daktari: "Nakushukuru." Akasema, "Haya," akaenda, cherehani ikaanza.

7 Mei

Nimempigia binti yangu. Nimemweleza. Alilia. Ni yeye aliyelia.

9 Mei

Hapa ndipo ninapoungama, kwa hiyo niandike wazi.

Nimekaa siku sita na jambo hili na sijamwita Katibu. Si kwamba nilisahau. Nimepiga hesabu. Sanduku la kwanza litafungwa mwakani. Nitakuwa nimeshazikwa kabla halijapoa mara ya kwanza. Hakuna atakayekuja kaburini kuniuliza habari za viazi. Watasema teknolojia ilikuwa mbaya, au fundi alikuwa mbaya, na mimi nitabaki yule mama aliyewapa funguo zao. Bi Sabuni ameshavunja tanuri. Nikisema, ninamwacha bila moto wa zamani wala mpya, na uso wake utabadilika hapa hapa mbele yangu, nikiwa hai kuutazama.

Nimeipenda hesabu hii. Ni safi. Imenichukua siku sita kuona kwamba haina mtu mwingine ndani yake zaidi ya mimi.

10 Mei

Mvua. Mkwe amelala mchana. Nimemwomba muuza maziwa asipige kelele mlangoni.

12 Mei

Nilimwambia mkwe asibadilishe tena tofali. Akasema, "Sawa, mama," kwa ile sauti watu wanayotumia kumwambia mtoto kwamba mbwa aliyekufa amekwenda kulala. Asubuhi lilikuwa la moto.

15 Mei

Sijamwita Katibu.

18 Mei

Nimemwita.

22 Mei

Kikao. Viti vile vile, mvua ile ile. Asilimia alikuja na viatu vyake, na safari hii nilimwona akiwa bado mlangoni: alitoa kitambaa mfukoni, akainama, akapangusa tope kimya kimya, kisha akamwazima Katibu kitambaa hicho hicho. Basi. Ndiyo siri yote ya viatu.

Bi Sabuni alikuwa na kipande cha sabuni mapajani.

Niliwaomba wasiniingilie. Nikasema tofali alilolishika Bi Sabuni lilikuwa limebadilishwa alfajiri ile, na usiku kucha kabla ya hapo. Nikasema sikujua, lakini ilinipasa kujua, kwa sababu ni somo langu la kwanza. Nikasema nimejua tangu mwanzo wa mwezi huu na nikanyamaza kwa makusudi. Katibu aliacha kuandika. Nikamwambia aandike.

"Mama ana homa," alisema Bi Sabuni. Alimgeukia mkwe wangu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ana homa, sivyo?"

"Hana," alisema mkwe wangu. "Kila siku yuko hivyo."

"Sanduku langu litapoa?"

"Kabla hujaamka kuwasha," nikamwambia. "Na wiki ya mawingu kama zile za Aprili, halitapata joto kabisa."

"Nimeshavunja tanuri, Mama. Dohani iko chini, kuku wanalala ndani yake. Wewe ulinipa ufunguo, sasa unakuja kuninyang'anya, na unaninyang'anya ukiwa umelala, hata nisiweze kukugombeza vizuri."

"Nigombeze."

"Nitakugombezaje? Tazama ulivyo."

Kisha Asilimia akakohoa kama mtu anayebisha hodi. "Dada, kile kikao cha kwanza nilitaka kuzungumzia valvu. Nilikatizwa." Hakunitazama aliposema hivyo, na huo ulikuwa wema wake. "Pendekezo langu lilikuwa kwamba ghala liwe mali ya wenye karakana wenyewe. Valvu kuu isifungwe bila saini yako, au ya atakayekuja baada yako. Mimi sitakuwa na ufunguo. Siutaki. Nikiona bomba la mvuke mimi naogopa."

"Na asilimia yako ni ngapi humo?" aliuliza Bi Sabuni.

"Sifuri."

"Hiyo nayo ni asilimia?"

"Ni ile ninayoitaja mara chache."

Hakuna aliyecheka, lakini Bi Sabuni alivuta pumzi. Akauliza bomba la kwanza litafika wapi. Asilimia akasema litafika anakotaka yeye. Bi Sabuni akasema kwake. Akauliza atakula nini mpaka wakati huo. Nikasema makaa yaliyobaki yagawiwe, na tanuri lake lijengwe upya kwa gharama ya mfuko, liwe la muda. Katibu akasema hati hairuhusu majengo ya muda. Asilimia akasema tanuri ni teknolojia ya viwanda tangu dunia iumbwe, na kama kuna mtu wa kubisha aje abishane naye. Katibu akaandika.

Tuliweka saini. Ghala kubwa. Bi Sabuni alitia yake akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo kwenye nukta ya mwisho. Akainuka, akafunga kitenge, akamuaga mkwe wangu, akamuaga Katibu. Kile kipande cha sabuni alichokuja nacho, aliondoka nacho.

Fedha zile zote zimepata njia. Nilitegemea kwamba baada ya kusema, kifua kingekuwa chepesi. Watu huandika hivyo. Kifua changu kilikuwa kifua. Nilimwomba mkwe anigeuze upande wa dirisha.

25 Mei

Daktari. Aligonga nyayo, kisha akagonga magoti. Nikasikia sauti tu. Hakucheka.

26 Mei

Mvua imekuwa manyunyu. Jua kidogo saa za alasiri, la kutosha kuanika taulo.

28 Mei

Jana jioni mkwe alipokuja na tofali, nilimwonyesha chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimemwomba muuza maziwa mapema, mkwe akiwa amelala, ayatoe jikoni yale mawili mengine na kuyasukuma huko, nyuma ya sanduku la vitabu vyangu vya joto. Siwezi kuinama kuyatoa, na yeye kuyatoa lazima aniamshe.

"Umeniibia," alisema.

"Nimekuibia."

"Miguu itapoa, mama."

"Haitajua."

Alisimama na lile moja kifuani kama mtoto mchanga. Alilijaribu kwa shavu, akaliweka, akapanga blanketi pande zote, akazima taa.

Asubuhi hii nimepeleka mkono. Tofali ni baridi. Nimeuacha mkono hapo. Nje kumekucha, muuza maziwa amepita, watoto wa shule wamepita, na chumba cha mbele bado hakuna sauti ya cherehani. Mkwe wangu amelala.